Miaka Yangu ya Nusukaputi na Mshipa wa Magesa

Siku ya kwanza niliripoti kazini nikiwa na barua ya ajira kwenye bahasha ya kaki, na miguuni nimevaa viatu vyeupe ambavyo mama alikuwa amevipaka chokaa, maana rangi ya viatu haikupatikana madukani. Ilikuwa Musoma, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa binti wa mvuvi wa Bukima, nimetoka chuo cha uuguzi, na nilidhani nitakabidhiwa mgonjwa. Msimamizi wa chumba cha upasuaji, mama mrefu tuliyemwita Sista Msimamizi, aliisoma barua, akaikunja, kisha akanisogezea beseni la glovu zilizotumika.

"Unajua kupuliza puto?" aliniuliza.

"Najua, Sista."

"Basi zipulize hizo. Inayovuja weka huku, tutaikata vipande vya kufungia mirija. Isiyovuja ioshe, ianike, ipake poda. Glovu hapa inaingiaga kwenye matumbo ya watu kumi kabla haijatupwa."

Nilipuliza glovu siku tatu. Siku ya nne niliruhusiwa kukunja shashi, vile vitambaa laini vya kunyonyea damu, ambavyo navyo vilifuliwa na kurudishwa kazini. Vyombo tulivichemsha kwenye jiko la mvuke lililotumia mafuta ya taa, na mafuta yakikosekana tulipeleka kuni. Sabuni ilikuwa ya kugawiana vipande. Vijana mnaosoma haya mnaweza kudhani nalalamika. Hapana. Sisi wenyewe tuliona hivyo ndivyo kazi ilivyo, kwa sababu hatukuwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa Mwanza kusomea kazi ya usingizi, ambayo watu wengi wanaiita nusukaputi. Mashine yetu ilikuwa kopo kubwa la chuma lenye etha, dawa yenye harufu kali inayokaa kwenye nywele hata ukioga. Kutoka kwenye kopo ulitoka mpira hadi kwenye mvukuto mdogo wa mkono, na kutoka kwenye mvukuto mpira mwingine ulifika kwenye mrija uliopitishwa kooni mwa mgonjwa. Ukibonyeza mvukuto, mgonjwa anapumua. Ukiacha, na kama umempa dawa ya kulegeza misuli, hapumui. Haikuhitaji umeme, na ndiyo maana tuliipenda.

Mwalimu wetu, Afisa Usingizi mmoja mzee, alikataza mtu kutazama kidonda.

"Daktari anaangalia alipokata," alisema. "Wewe unaangalia mtu. Kidole kiwe kwenye panja muda wote, hapo pembeni ya jicho. Mapigo yakibadilika, sema. Usingoje kuulizwa."

Kituo changu cha kwanza baada ya hapo kilikuwa Bunda, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mfupi, mpole, aliyeandika kwa penseli ili karatasi itumike mara mbili. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza ugonjwa ninaotaka kuueleza. Aliletwa mwalimu mstaafu wa Suguti, sauti imekwaruza, anakohoa, anasema kuna kitu kinamsukuma mgongoni. Tulidhani ni kifua kikuu. Picha ya eksirei ikaonyesha kivuli cha duara, karibu ukubwa wa ngumi mbili, juu ya moyo.

Mganga Mkuu aliishika picha dirishani, akaniita.

"Unamiliki baiskeli, Sista?"

"Ninayo."

"Tairi ikichanika pembeni, mpira wa ndani unatokeza uvimbe. Huu ni mshipa mkuu wa damu, unaotoka kwenye moyo. Ukuta wake umechoka mahali pamoja. Damu inasukuma, unatokeza. Umeubana mshipa wa fahamu wa sauti, ndiyo maana anakwaruza."

"Hakuna wa kumpasua?"

"Wapo, nchi za mbali. Wanafungua kifua, wanaubana mshipa juu na chini, wanakikata kipande kibovu, wanashonea bomba la kitambaa mahali pake. Inahitaji mashine ya kufanya kazi ya moyo, na damu ya kutosha watu wanne. Sisi jana tumekosa plasta."

Hakumficha mwalimu. Alikaa kitandani kwake akamweleza yote, na mwalimu akauliza maswali kama anayesahihisha daftari. Siku ya tisa, akiwa anakunywa uji asubuhi, alikohoa mara moja na damu ikajaa bakuli. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilibadilisha shuka. Mkewe aliniuliza kama aliumia, nikasema hapana, na mpaka leo sina hakika.

Kutoka Bunda nilihamishiwa Butiama, kwenye kituo cha afya, mimi na wahudumu wawili. Hakukuwa na upasuaji mkubwa pale. Nilizalisha, nilishona majeraha, nilitumbua majipu. Mashine ya usingizi niliiacha nyuma, na nilidhani kazi hiyo imeniacha.

Msimu wa pamba, asubuhi moja, aliingia mkulima aitwaye Magesa pamoja na mkewe Nyamisi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkono wa kushoto ameubeba kwa wa kulia kama mtoto mchanga. Wiki tano nyuma, wezi wa ng'ombe walimpiga mshale chini ya mtulinga, ule mfupa wa bega unaopita juu ya kifua, upande wa kushoto. Ndugu zake waliuchomoa, kidonda kikapona. Sasa mahali pale palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa, wa moto, wenye maumivu.

"Ni usaha, Sista," Magesa alisema. "Usiku silali. Utoe tu."

Na mimi niliona usaha. Nilimwambia mhudumu achemshe kisu. Nilipaka dawa, nikashika kisu, nikaweka kiganja cha kushoto juu ya uvimbe ili niuimarishe. Ukaniinua mkono. Nikasubiri. Ukaniinua tena, sawasawa na mapigo ya moyo, na chini ya vidole kulikuwa na mtetemo mwembamba kama paka anayekoroma.

Niliweka kisu chini. Ningekata, angekufa juu ya meza yangu kabla sijageuka kuchukua shashi. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Vipi, mama?" Nyamisi aliuliza. "Mbona hukati?"

"Huu si usaha, mdogo wangu. Ni mshipa. Mshale ulitoboa mshipa mkubwa wa damu, na damu imejitengenezea mfuko. Tunakwenda Musoma leo hii."

Gari la wagonjwa lilikuwepo ila halikuwa na mafuta. Nilisimama barabarani mwenyewe na gauni langu jeupe mpaka lori la pamba likasimama. Dereva, Mzee Salumu, mtu wa Musoma mjini, alisikiliza maelezo yangu, akapanda nyuma mwenyewe kupanga marobota. Magesa alisafiri akiwa amelala juu ya pamba, nami pembeni yake, mkono wangu ukiwa juu ya uvimbe kila lori lilipoingia kwenye shimo. Siwezi kusema mkono ule ulisaidia nini. Niliuweka tu.

Wakati huo Musoma alikuwepo Daktari Bingwa wa upasuaji aliyesomea ng'ambo, mwenye vidole vyembamba na subira fupi. Alimpima Magesa. Mapigo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto yalikuwa dhaifu sana. Aliuliza kama angeweza kusafirishwa Mwanza, na baada ya hapo Dar es Salaam. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na ngozi ya juu ya uvimbe ilikuwa imeanza kung'aa. Kisha akaniuliza mimi:

"Wewe si ndiye wa etha uliyekuwa Bunda? Mtu wangu wa usingizi ameenda msibani Tarime."

"Sijashika mvukuto mwaka na nusu, Daktari."

"Mimi sijafungua kifua kwa ajili ya mshipa huu maisha yangu yote. Tuko sawa."

Alimweleza Magesa mbele ya mkewe. Atafungua kifua katikati ya mbavu upande wa kushoto, autafute mshipa wa mkono pale unapoanzia, aukamate. Halafu atakata juu ya mtulinga, aukamate upande wa pili. Ndipo aupasue mfuko. Bomba la kuunganishia hana. Ataufunga mshipa huku na huku, na mkono utategemea vijishipa vidogo vinavyozunguka bega.

"Umeshafanya hii?" Magesa aliuliza.

"Nimesaidia mara mbili. Mwenyewe bado."

"Wale wawili walipona?"

"Mmoja."

Magesa aliutazama mkono wake. "Mimi ni wa kushoto," alisema. "Jembe, fimbo, hata kijiko, ni mkono huu. Vijishipa hivyo vikishindwa?"

"Mkono utakufa. Itabidi tuukate ili usikuue."

"Sawa. Pasua. Ila msinikatie mkono nikiwa nimelala. Mkiona unakufa, niamsheni kwanza, nitasema mwenyewe."

Daktari Bingwa alinigeukia. "Umesikia? Wewe ndiye unayemwamsha. Hiyo ahadi ni yako."

Ilibaki damu. Hatukuwa na akiba, tulitegemea ndugu. Kaka zake wawili walifika kwa miguu na baiskeli, lakini walidhani anayetoa damu hupungukiwa na nguvu za shamba maisha yake yote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nyamisi alinyoosha mkono, ila kundi lake halikuoana na la mumewe. Aliyetangulia ni Mzee Salumu. Lori lake lilikuwa limeishiwa dizeli, na alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akingoja kibali cha mafuta.

"Nimeshakaa bure siku mbili," alisema akikunja shati. "Angalau nipungue kidogo kwa faida."

Alipotoka akitembea vizuri na kuomba chai, kaka wa Magesa wakaingia. Tulipata chupa tatu.

Tulianza saa mbili asubuhi, meza imesogezwa dirishani kwa sababu umeme haukuaminika. Nilimlaza, nikapitisha mrija, nikaanza kubonyeza mvukuto. Kifua kikifunguliwa, pafu linanywea, na kuanzia hapo mgonjwa hana pumzi nyingine isipokuwa ile unayompa. Nilibonyeza kwa mkono wa kulia, kidole cha kushoto kiko panjani. Sikutazama kidonda, ila nilisikia koleo likipanua mbavu.

Daktari alihitaji kitu cha kuuzungushia mshipa bila kuukata. Vibanio vya mishipa mikubwa hatukuwa navyo. Sista Msimamizi, ambaye alikuwa karibu kustaafu, alitoka akarudi na utepe wa pamba wa kufungia vitovu vya watoto, kutoka wodi ya wazazi. Daktari aliupitisha chini ya mshipa mara mbili. Ilimchukua saa nzima kufika hapo. Upande wa juu wa mtulinga ukachukua saa nyingine.

"Sasa nafungua mfuko," alisema. "Kaza utepe."

Nilisikia sauti kama maji yanayomwagwa kwenye karai. Tepe zilikuwa zimekazwa, lakini kulikuwa na kijishipa cha tatu ambacho hakuna aliyekiona, nacho kilikuwa kikiingiza damu ndani ya mfuko. Mapigo chini ya kidole changu yakawa membamba kama uzi. Kisha sikuyapata.

"Daktari, sina mapigo."

"Rudia."

"Sina mapigo."

Alizamisha kidole ndani ya mfuko na kukiacha humo. Nilifunga etha, nikaendelea kumpa hewa tupu. Chupa tatu zilishaingia zote. Sista Msimamizi alichukua upawa uliochemshwa, akaanza kuchota damu ndani ya kifua na kuimimina kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, akiichuja kwa shashi zilizokunjwa mara nane. Damu ya kifuani huwa safi, inaweza kumrudia mwenyewe. Tulimrudishia Magesa damu yake chupa mbili. Daktari alisimama na kidole chake pale pale kwa muda ambao sikuupima, jasho likimdondoka kwenye barakoa. Mimi niliendelea kubonyeza.

Panja likagonga mara moja. Nikangoja. Likagonga tena.

"Yamerudi," nilisema.

"Usiniambie yamerudi. Niambie mangapi."

Nilihesabu, nikamwambia. Alimwambia msaidizi amletee sindano yenye uzi mzito, akashona kuzunguka kidole chake, akakitoa polepole. Pakavu. Akafunga ncha mbili za mshipa, akaacha mrija ndani ya kifua ukiishia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, ili hewa itoke bila kurudi ndani. Tulikuwa tumekaa humo zaidi ya saa tano.

Mkono wa kushoto ulikuwa wa baridi, wa rangi ya majivu. Kifundoni hapakuwa na mapigo. Daktari alibonyeza kucha, akaziachia, hazikurudisha wekundu. Akarudia. Msaidizi wake alisema kwa sauti ya chini kwamba kungoja ni hatari, kwamba bado mgonjwa amelala na meza ni safi, ukate sasa au urudi kukata kesho mtu akiwa dhaifu zaidi. Kwa mujibu wa kitabu alikuwa sahihi. Daktari Bingwa alinitazama.

"Namwamsha," nilisema.

Magesa alifumbua macho baada ya karibu saa moja. Mrija ulikuwa umetoka, koo limemkauka. Nilimwinamia nikamwambia jinsi mambo yalivyo: yuko hai, mshipa umefungwa, mkono ni wa baridi, madaktari wanaogopa. Nilimwuliza anasemaje. Alijaribu kusogeza vidole, havikusogea.

"Ngojeni," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Nyamisi alikaa upande ule siku mbili, ameufunika mkono kwa blanketi. Tulimkataza kuupasha kwa maji ya moto, kwa sababu ngozi isiyo na damu huungua haraka. Kila baada ya saa moja nilibonyeza kucha ya dole gumba. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili asubuhi hakuna, na Daktari akaandika kwenye faili kwamba jioni ataukata mkono, mgonjwa akikubali. Saa tisa alasiri kucha ilirudisha wekundu, taratibu sana, kama doa la chai kwenye kitambaa. Nilidhani macho yamenidanganya. Nilimwita Nyamisi abonyeze yeye.

"Inakuja, mama," alisema. "Ona, inakuja."

Ncha za vidole viwili vya mwisho zilikauka na tulizitoa baadaye, akiwa macho, kwa ruhusa yake. Mkono uliobaki ulipona. Haukurudi kuwa na mapigo kifundoni, na alilalamika kwamba unachoka haraka. Alijifunza kulima kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukawa wa kusaidia. Alipotoka wodini hakunishukuru sana. Alinipa mkono ule wa kushoto, akanishika kwa nguvu ili nijionee mwenyewe.

Mwaka uliofuata Daktari Bingwa alijaribu tena, kwa mama mmoja kijana mwenye uvimbe kama ule, ila uliokuwa ndani zaidi, kwenye mshipa mkuu wenyewe. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Musoma, nami ndiye niliyemlaza. Mshipa ulikuwa laini kama karatasi iliyolowa, nyuzi zilikata kila zilipoingia. Alifia mezani. Daktari alitoka nje akakaa na glovu zake mikononi mpaka damu ikakauka, kisha akaenda kuzungumza na mume. Hakutuma mtu. Miezi michache baadaye aliondoka kwenda kufanya kazi nchi za kusini, kama wengi walivyofanya wakati ule, na sikumlaumu. Kifua hakikufunguliwa tena hapo kwa ajili ya mshipa katika miaka yangu.

Kisha zikaja nyakati za soko huria. Glovu zilianza kuja kwenye maboksi, za kutumia mara moja na kutupa. Maduka ya dawa yalifunguliwa kila mtaa, na Nyakato, mtaa wangu hapo Musoma, peke yake yakawa mengi kuliko maduka ya sukari ya zamani. Mgonjwa sasa alikuja na karatasi ya vitu vya kununua kabla ya kupasuliwa: uzi, dripu, glovu, hata wembe. Zamani tulimwambia mgonjwa hakuna. Sasa tulimwambia kipo, pale ng'ambo ya barabara. Nimefanya kazi katika nyakati zote mbili na bado sijui ni jibu lipi lilikuwa gumu zaidi kulitoa.

Kopo la etha lilistaafu kabla yangu. Zikaja mashine za umeme zenye kioo kinachoonyesha mapigo kwa rangi ya kijani. Niliwafundisha vijana kuzitumia, nao walinifundisha zaidi. Siku yangu ya mwisho kazini, Mganga Mkuu wa hospitali alitoa hotuba fupi, nikapewa saa ya ukutani na kitenge, nikarudi nyumbani Nyakato kwa miguu, kwa kuwa ni karibu.

Watu huuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba mgonjwa aliyelala hana mtu mwingine wa kumsemea isipokuwa yule aliyemlaza. Mengine yote yapo vitabuni, na vitabu vya sasa ni vizuri kuliko vyetu.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima presha, nikalalamika maumivu kidogo katikati ya mgongo. Daktari kijana, mpole, alinipiga picha, akanikalisha na kuanza kunieleza polepole kwa mifano. Nilimwacha amalize, kwa sababu alikuwa ameandaa maneno yake vizuri. Mshipa wangu mkuu umevimba kifuani. Alisema siku hizi Dar es Salaam wapo wanaoweza kuufanyia kazi, kwa kufungua kifua, na wakati mwingine kwa kupitisha bomba kutoka kinena bila hata kufungua. Umri wangu si kizuizi, alisema. Uamuzi ni wangu.

Watoto wangu walitaka nimwulize kuhusu mpasuaji: amesomea wapi, amefanya wangapi, wangapi wamepona. Nilisema wamwulize wao. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Nani atakayenilaza?"

Alishangaa kidogo, akapiga simu, akauliza. Ni binti wa miaka thelathini na minne. Nikaomba nizungumze naye. Alinisalimia shikamoo, akaniuliza nilifanya kazi gani, nikamwambia. Kisha akaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa alijue kabla.

Nilimwambia lipo, nikamweleza kile alichoniomba Magesa kabla sijamlaza. Naondoka Jumatatu.